Mchanga wa Mgeni Rasmi

Katika msiba wa Injinia Felisiani walisoma wasifu wa marehemu wenye kurasa nne, na mimi nilikaa kwenye kiti cha plastiki chini ya turubai, mtaani kwake Pasiansi, nikihesabu uongo. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na machache, maana alizaliwa kweli na alibatizwa kweli. Ukurasa wa pili ulisema alikuwa mhandisi, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Alisomea ufundi wa majokofu, akaacha katikati, na cheo cha Injinia alijipa mwenyewe siku alipopaka rangi kibao cha duka. Ukurasa wa tatu ndio ulionifanya nivue miwani. Msemaji wa familia, kijana mwenye koti linalombana mabegani, alisoma kwa sauti ya kulia kwamba katika miaka ya tisini marehemu alibuni mchezo wa kompyuta wa kwanza katika kanda ya ziwa, na kwamba alitengeneza kipimo cha kisayansi kwa ajili ya kigari cha kwenda sayari ya Mirihi. Watu waliguna kwa mshangao. Mama mmoja mbele yangu akamwambia mwenzake, "Kumbe tulikuwa tunaishi na mtu mkubwa hivi!" Nilitamani kumgusa bega nimwambie kwamba mtu huyo mkubwa hakuwahi kushika chuma cha kuchomelea bila kuungua vidole. Lakini msibani watu hawasahihishi wasifu. Nilikunja mikono nikanyamaza, na kunyamaza ni kazi ninayoiweza, kama simulizi hii itakavyoonyesha.

Mwaka ninaousimulia ulikuwa wa wakati ule wa ruksa, kila kitu kimeruhusiwa na hakuna aliyejua la kufanya nacho. Viwanda vya minofu vilifunguliwa ufukweni kimoja baada ya kingine. Sangara wanakatwa na kupakiwa kwenye ndege, na sisi wenye ziwa tunauziwa mapanki, yaani kichwa na mifupa inayobaki minofu ikishaondoka. Watu walinunua televisheni kabla hakujawa na cha kutazama. Waliziweka sebuleni, wakazifunika vitambaa vya kufuma, jioni wakakaa kutazama vitambaa. Injinia alikuwa na shemeji Dar es Salaam aliyemletea kompyuta ndogo zilizokwisha tupwa Ulaya, za kuunganisha na televisheni, pamoja na vijiti vya kuchezea gemu. Akakodi ghala lililokuwa la chama cha ushirika cha pamba, chama chenyewe kikiwa kimekwisha kufa. Mbele akaweka ukumbi wa gemu, nyuma karakana, na katikati ofisi yake yenye kiti cha kuzunguka, ambacho alikizungusha kila alipokuwa hana jibu. Kibaoni aliandika kwamba anatoa pia ushauri wa kitaalamu. Mafundi tulikuwa wawili, mimi na Minza, wote tumetoka chuo cha ufundi na vyeti vyetu ndani ya bahasha za kaki. Nyuzi za pamba zilikuwa bado zinaning'inia kwenye mapaa, zikidondoka ndani ya mashine tulizozifungua, na kila asubuhi tulianza kazi kwa kupuliza.

Minza alitoka Magu. Mimi nilivuka ziwa kutoka Bukoba, na hilo lilimtosha kunitania mwaka mzima, kwamba Wahaya hata tukiomba chumvi tunaomba kwa Kiingereza. Nami nilimwambia Msukuma akiona gari jipya anauliza linatoa maziwa kiasi gani. Tulipanga chumba kimoja kwa Mama Ng'wasi, mjane mwenye nyumba ya vyumba sita isiyo na dari, kwa hiyo maneno ya chumba kimoja yaliruka ukuta na kuingia kingine. Tulikuwa na kitanda kimoja, jiko la mafuta ya taa, na sinia moja tuliyolia chakula wote wawili. Minza aliletewa kutoka kwao mchele, na michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, tukavichemsha asubuhi. Mimi msimu wa senene, wale panzi wa kwetu, nililetewa wa kukaanga. Mwanzoni aliwatazama kwa huruma, mwishowe akawa ananimalizia. Siku nyingine zote ilikuwa mapanki na ugali. Jioni moja tukiwa tunafyonza mifupa tulimsikia Mama Ng'wasi ng'ambo ya ukuta akiongea na dada yake.

"Hao wasichana wako wanafanya kazi gani?" aliuliza dada.

"Wanatengeneza michezo."

"Michezo ya nini?"

"Ya kwenye televisheni. Vijana wanakaa wanabonyeza, wanatukanana."

"Wasichana wazima, wenye vyeti!"

Minza alicheka mpaka akapaliwa. Mimi sikucheka. Nilikuwa na miaka ishirini na moja na nilijiona nimezaliwa kwa ajili ya mambo makubwa, na ilinichoma kwamba mwanamke mwenye vyumba sita visivyo na dari ananizungumza hivyo. Dharau nilikuwa nayo tangu wakati ule, na sitajifanya kwamba nilijifunza uzeeni.

Mchezo wenyewe tuliuita Kivuko, na wazo lilikuwa la Minza. Tulikuwa tumekwenda Geita kufunga mtambo wa mtu, na pale Kigongo kivuko kilichelewa kuondoka kwa saa mbili kwa sababu wachuuzi wa ng'ombe walijaza mifugo yao upande mmoja na nahodha akakataa kuwasha mashine. Wachuuzi wakamtukana nahodha, nahodha akawatukana wachuuzi, na Busisi iko pale ng'ambo inaonekana. Minza aliwatazama, akasema, "Hapa hakuna anayeweza kushinda peke yake. Wakishindana wanazama wote." Usiku ule ule alinichorea kwenye gamba la daftari. Mchezaji mmoja anaendesha kivuko, mwingine anapanga ng'ombe na malori. Upepo unavuma, ng'ombe wanahama. Anayeendesha haoni mzigo umekaaje, anayepanga haoni mawimbi yanatoka wapi, kwa hiyo lazima waambiane. Wakifika wamefika wote. Niliandika programu kwa miezi mitatu, nikaihifadhi kwenye kaseti, maana kompyuta zile zilihifadhi kwenye kanda za muziki, na yangu ilikuwa ya kwaya niliyoifuta upande mmoja. Vijiti vya kuletwa vilikuwa vinavunjika kama biskuti, Minza akachonga vingine kwa vipande vya mpini wa jembe, ndani akafunga swichi za taa. Siku tulipoujaribu sisi wenyewe tulivuka mara ya nne, tukarukaruka kwenye karakana na kukumbatiana, na Injinia akachungulia kuuliza ni nani kafa.

Hakuupenda. Ukumbi wake ulikuwa na sheria moja: anayefungwa anasimama, anayesubiri anakaa. Ndivyo kumbi zote za mjini zilivyofanya kazi, na sheria hiyo vijana waliiheshimu kuliko amri kumi. Sasa tumewaletea mchezo ambao hafungwi mtu, na vijana wawili wa Kirumba walikaa kuanzia saa nne asubuhi mpaka adhuhuri wakivusha ng'ombe, foleni imejaa mlangoni. "Mmeniletea mchezo wa kanisani," Injinia alituambia, akizungusha kiti. Lakini vijana walipata ufumbuzi wao wenyewe, nao ulinichefua. Kivuko kikizama, watazamaji walipiga kelele kutaja nani kazamisha. "Ng'ombe wake huyo!" "Hapana, dereva huyo, kageuza vibaya!" Mwenye kelele nyingi dhidi yake aliinuka, mwenzake akabaki, na foleni ikasonga. Hawakutazama hata kioo kilionyesha nini. Aliyeinuka mara nyingi alikuwa mpole, au mwenye kigugumizi, au mgeni mtaani. Nilimwambia Minza wale ni washenzi, umewapa kitu kizuri wamekifanya mnada. Minza alisema, "Wamezoea hivyo. Watakuja kuelewa." Mimi sikuamini kwamba wataelewa, na niliona fahari kutokuamini.

Daktari Henrik alitukuta kwa sababu ya mchezo huo. Alikuwa mzungu mwembamba, mwenye Kiswahili cha kitabuni kilichomfanya aseme "tafadhali" hata kwa mbwa. Kwao alikuwa anatengeneza vipimo vya kufungwa kwenye vigari visivyo na dereva, vya kutumwa sayari nyingine, na alikuwa na kigari kimoja cha majaribio, chenye magurudumu sita na ukubwa wa beseni la kufulia. Kwa nini alikuja kujaribia kigari cha jangwani kando ya ziwa kubwa kuliko yote Afrika, sikuelewa mpaka niliposikia kwamba mradi fulani wa ziwa ulibakiwa na fedha za safari ambazo lazima ziishe. Ndivyo elimu ya dunia inavyoendeshwa, na nimeishi ndani yake muda wa kutosha kulithibitisha hilo. Kipimo chake kilivunjika safarini. Aliingia kwetu kutafuta waya, akasimama nusu saa nyuma ya vijana akitazama Kivuko, kisha akauliza nani kaubuni.

"Mimi," alisema Injinia. "Na wasichana wangu walinisaidia."

Henrik alimtazama, akamuuliza jinsi programu inavyokokotoa mwinamo wa kivuko. Injinia alisema amekumbuka ana simu, akaingia ofisini ambako hakukuwa na simu. Hapo ndipo Henrik alipotugeukia sisi. Alitueleza kipimo chake kilivyofanya kazi, na kilikuwa kitu rahisi hata leo nakipenda. Ni sindano inayochomwa ardhini. Ndani yake kuna waya wa kuipasha moto kidogo na kidude cha kuhisi joto. Unaipasha, unazima, unatazama inapoa kwa kasi gani. Mchanga mkavu unang'ang'ania joto, sindano inachelewa kupoa. Mchanga wenye maji unalinyonya, inapoa upesi. Kwa namba hiyo moja utajua udongo wa Mirihi ukoje bila mtu kuugusa kwa mkono. Alituomba tumtengenezee nyingine. Halafu akasema jambo ambalo lilitunyima usingizi, kwamba taasisi yake ina nafasi ya mafunzo ya mwaka mmoja kwa fundi kijana kutoka nchi kama yetu. Nafasi ni moja. Ataamua baada ya jaribio, akiona kazi ya kila mmoja wetu imekwendaje.

Usiku ule tulipanga kwa sauti ya chini, kwa sababu ya ukuta. "Atakayekwenda atamvuta mwenzake," alisema Minza. Nikasema ndiyo. Aliniuliza, "Kweli?" Nikasema kweli, na nilipokuwa nasema nilikuwa namaanisha. Tuligawana kazi: yeye sindano, mimi programu ya kusoma joto na kukokotoa. Sindano aliipata kwa daktari wa mifugo, ile nene ya kuchanjia ng'ombe, maana hakukuwa na bomba jingine jembamba lisiloshika kutu. Kidude cha kuhisi joto alikitoa kwenye jokofu bovu la kiwanda cha samaki. Waya aliuzungusha kwa mkono akiwa ameshika pumzi, akakosea mara saba, wa nane akauingiza. Minza alikuwa na pua ya ajabu. Kifaa kikiungua ndani alikijua kwa kunusa kabla mimi sijachomeka mita. Tuliipima sindano kwenye kopo la mchanga mkavu, kwenye kopo la tope, kwenye unga wa muhogo wa Mama Ng'wasi, na kila mara namba zilikuja zilivyotakiwa. Mama Ng'wasi alituuliza unga wake una ugonjwa gani. Henrik alipoona namba zetu alisema, "Tafadhali, rudieni," tukarudia zikaja zile zile. Sijawahi kufanya kazi kwa furaha kama miezi ile miwili, na nimefanya kazi mahali ambapo sakafu inapigwa deki mara tatu kwa siku.

Henrik alitaka jaribio la watu wanne, kimya kimya. Injinia alilifanya sherehe. Aliazima turubai, akaalika kwaya, akaalika kigogo mmoja wa mkoa kuwa mgeni rasmi. Mahali palikuwa kipande cha mchanga juu kidogo ya ufuko, nyuma ya mawe makubwa, ambapo maji ya ziwa hayafiki. Henrik alikuwa amekizungushia kamba. Alichota mchanga wake wiki moja kabla, akaukausha, akaupima kwa mizani, kwa hiyo alijua namba ya haki itakuwa ipi. Alituambia sote watatu, kwa Kiswahili chake: "Tafadhali msiguse eneo hili. Hata kidogo." Lakini siku yenyewe alfajiri Injinia alinikuta napanga meza, Minza akiwa karakana anakagua sindano yake kwa mara ya mwisho. Mawe ya njiani yalikuwa yameshapakwa chokaa. Uwanja wote umefagiliwa mistari mizuri. Kilichobaki kilikuwa vumbi, na wote tulilelewa tukijua kwamba mgeni rasmi hapokewi kwenye vumbi.

"Koku, chukua ndoo umwagie maji pale."

"Wapi?"

"Pale kwenye kamba. Si ndipo atakaposimama kuangalia?"

"Bwana Injinia, Daktari amesema pasiguswe."

"Daktari ni mgeni. Huyu anayekuja ni mgeni rasmi. Unataka aondoke na viatu vyeupe waseme Felisiani hana adabu? Mwaga, binti, saa zinakwenda."

Kwa Injinia tulikuwa mafundi mpaka pawe na kazi ya ndoo. Hapo tulirudi kuwa wasichana. Ningeweza kukataa. Ningeweza kwenda kumwita Henrik, aliyekuwa anakunywa chai hatua mia mbili kutoka pale. Nilijua kabisa maji yatafanya nini, pengine nilijua kuliko mtu yeyote katika mkoa mzima. Nilijiambia jua litakausha. Nilichota ziwani ndoo sita, nikapiga magoti nikanyunyizia kwa mkono vizuri, kama nilivyofundishwa nyumbani, bila kuacha dimbwi. Mgeni rasmi alichelewa, ilikuwa saa sita alipofika, na kufikia hapo jua lilikuwa limeupausha mchanga juu ukaonekana mkavu kama ulivyokuwa jana yake. Chini haukuwa mkavu. Kwaya iliimba. Injinia alihutubia kuhusu sayansi kwa dakika arobaini, akataja Mirihi mara nyingi kuliko mhubiri anavyotaja mbinguni.

Kigari kilitambaa, watu wakashangilia. Mkono wake ulishuka, Minza akiwa amechuchumaa pembeni kuuongoza, sindano ikazama mchangani. Tulipasha, tukazima, tukasubiri. Nilikuwa nimekaa mbele ya kioo, na namba iliyotoka ilikuwa namba ya tope. Nilipoiona nilijua maana yake kabla Henrik hajainama kuisoma: sindano ilikuwa inasema kweli. Henrik alisoma, akatazama karatasi yake, akasoma tena. Injinia aliona uso wa mzungu umebadilika, akajua tu kwamba kuna lawama hewani na inatafuta mahali pa kutua.

"Ni sindano hiyo," akasema kwa sauti. "Niliwaambia. Sindano ya kuchanjia ng'ombe! Huwezi kwenda Mirihi na kitu cha zizini."

Watu wakacheka, mgeni rasmi naye akacheka. Kijana mmoja wa ukumbini akapaza sauti nyuma, "Minza kazamisha!" na wenzake wakampokea. Minza aling'oa sindano, akaifuta kwenye khanga yake, akainua macho akanitazama. Henrik alinigeukia kwa upole wake ule wa kuudhi. "Koku, tafadhali. Programu yako iko sawa?"

"Iko sawa," nikasema.

Ilikuwa sawa. Sikusema uongo hata neno moja. Nilijibu swali nililoulizwa, nikaacha mengine, na nimetumia sehemu kubwa ya maisha yangu kujisifu moyoni kwa usahihi wa jibu lile. Niliitaka ile nafasi. Niliitaka kuliko nilivyompenda Minza, na kumpenda nilimpenda. Ningesema kwamba mchanga una maji, ningeulizwa nani kamwaga. Ningemtaja Injinia, angenikana, na mzungu angebaki na msichana aliyevuruga jaribio lake kwa mikono yake mwenyewe. Hayo yote niliyafikiri kwa muda mfupi kuliko sindano inavyochukua kupoa. Wale washenzi wa ukumbini walihitaji angalau kelele za watu ishirini ili kumwinua mtu kitini. Mimi nilihitaji maneno mawili.

Henrik aliondoka siku ya tatu na kigari chake na sindano ndani ya sanduku. Barua yenye jina langu ilikuja baadaye. Katikati hapo niliendelea kula na Minza sinia moja, kulala naye kitanda kimoja. Hakuniuliza kitu. Jioni alikuwa anakula polepole, akiniachia vipande vyenye nyama shingoni mwa samaki, na mimi nilivila nikizungumzia hali ya hewa. Kabla wiki mbili hazijaisha nilirudi kutoka sokoni nikakuta upande wake wa chumba mtupu na godoro limekung'utwa. Mama Ng'wasi alisema amekwenda kwao. Niliamini kwamba ameondoka kwa aibu ya sindano yake, na sitaficha kwamba nilipumua. Huko Ulaya, mwaka ule ule, niliikuta sindano ndani ya droo ya Henrik. Nilibaki jioni moja nikaichoma kwenye mchanga mkavu, nikaichoma kwenye tope. Ilikuwa sahihi kuliko ya kiwanda walichokuwa wanakitegemea. Niliichunguza jinsi alivyozungusha waya, nikatengeneza nyingine namna ile ile kwa bomba la bei ghali, nikamwonyesha Henrik kama kazi yangu. Alisema, "Umejifunza haraka." Nilibakizwa. Miaka ishirini na kitu nimetengeneza vipimo vya vigari, na nimesimama kwenye kumbi nikieleza jinsi ya kuzungusha ule waya, na hakuna wasifu wowote wangu, wa kurasa zozote, unaomtaja msichana wa Magu.

Kwa hiyo nilipokaa pale msibani nikimcheka marehemu na ukurasa wake wa tatu, nilikuwa namcheka mtu aliyenizidi kwa jambo moja tu, kwamba yeye aliiba kwa kelele, kila mtu akijua. Hayo yalikuwa yananipitia kichwani wakati wa chakula, nimeshika sahani ya wali, mwanamke mrefu mwenye mvi alipovuta kiti akakaa kando yangu. Nilimtambua kwa mikono. Alikuja kwa basi la asubuhi. Ana mashine ya kukoboa mpunga, anaitengeneza mwenyewe ikiharibika, na ana wajukuu watatu. Tulisalimiana kwa muda mrefu kama watu wa huku tunavyosalimiana, tukaulizana habari za kila kitu, na mimi nikaona nisiposema sasa sitasema tena.

"Minza. Siku ile ya mgeni rasmi, mchanga ulikuwa umemwagiwa maji. Nilimwaga mimi. Sindano yako ilikuwa sahihi."

Alitafuna, akameza. "Najua."

"Umejua lini?"

"Siku ile ile. Ilitoka na tope, nikaifuta. Nikakutazama, nikaona gauni lako lina matope magotini."

Niliweka sahani chini. "Mbona hukusema?"

"Sindano ilikuwa yangu. Ningesema mimi, wangesema najitetea. Ilikuwa useme wewe."

"Mimi miaka yote nilidhani uliondoka kwa aibu."

"Aibu ya nini? Kazi yangu ilikuwa nzuri." Alinitazama bila hasira, na hilo ndilo sikuweza kulivumilia. "Nilikungoja, Koku. Wiki nzima, kila tukikaa kula, nasema leo atasema. Wiki ya pili nikafunga mzigo."